KUFUNDISHA KIUNGO CHA WAYA NENE: JICHO, MKONO NA KIPIMO

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuwasaidia walimu wa ufundi umeme, pamoja na walimu wa sayansi wenye karakana ndogo, kufundisha jambo moja ambalo aghalabu hupitiwa haraka: namna ya kuunganisha waya nene. Kwa waya nene tunakusudia nyaya za shaba zenye ukubwa wa milimita za mraba 10, 16, 25, 35, 50 na kuendelea, zile zitumikazo baina ya betri na inveta, baina ya betri na stata ya gari, katika mashine za kuchomelea, na katika njia kuu ya umeme iingiayo nyumbani.

Katika madarasa mengi somo hili huchukua dakika chache tu. Mwalimu huonyesha lagi, yaani kile kichwa cha shaba kinachovalishwa ncha ya waya ili ufungwe kwa bolti. Huiminya mbele ya wanafunzi. Huwataka nao waminye. Kisha hupita mezani akitazama. Kazi inayong'aa hupewa alama nyingi, na kazi iliyokwaruzika hupewa chache. Makala haya yatajaribu kuonyesha kwamba utaratibu huo, ijapokuwa ni mwepesi, humfundisha mwanafunzi kuliamini jicho lake mahali ambapo jicho halioni kitu. Ubora wa kiungo cha waya nene umo ndani ya chuma. Basi hapana budi mwalimu atafute njia ya kuufanya uonekane.

Jambo hili si dogo. Kijana tumfundishaye leo ataunganisha kesho betri za zahanati, ambako friji ya chanjo na taa ya chumba cha kuzalia hutegemea kazi yake. Ataunganisha njia kuu ya nyumba ambamo watu wamelala. Akimaliza kazi ataifunika, na huenda asitokee mtu wa kuifunua tena mpaka siku ya hasara.

2. Kwa nini waya nene hutaka somo lake

Mwanafunzi aliyekwisha jifunza kuunganisha taa na swichi hudhani kwamba waya nene ni waya mwembamba uliokuzwa. Yafaa dhana hiyo iondolewe mapema, na njia nzuri ya kuiondoa ni hesabu fupi ubaoni.

Joto linalozalishwa katika ukinzani wowote, kwa wati, ni mkondo ukizidishwa kwa mkondo, kisha ukizidishwa kwa ukinzani. Tuchukue kiungo kibovu chenye ukinzani wa sehemu moja ya elfu ya omu, yaani mili-omu 1. Tukikiweka katika njia ya ampea 10:

10 x 10 x 0.001 = wati 0.1

Wati hiyo ni kidogo mno, na hakuna atakayeihisi. Sasa kiungo kile kile tukiweke katika njia ya ampea 100, mkondo ambao inveta ya wati 1000 huukaribia inapofanya kazi yake yote kwa betri ya volti 12:

100 x 100 x 0.001 = wati 10

Mkondo umeongezeka mara kumi, joto limeongezeka mara mia. Wati 10 zikikusanyika mahali padogo kuliko kidole gumba, zimefungwa ndani ya plastiki, saa baada ya saa, si kitu cha kudharau. Joto huoksidisha shaba. Utando wa oksidi huongeza ukinzani. Ukinzani huongeza joto. Aidha, kiungo hupanuka kinapopata moto na kusinyaa kinapopoa, na kila safari hulegea kidogo. Hivyo ubaya hujizaa wenyewe.

Kwa upande wa pili, mwalimu na awaonyeshe wanafunzi kiungo chema kinavyotakiwa kuwa. Waya wa shaba wa milimita za mraba 35, wenye urefu wa mita moja, una ukinzani wa karibu mili-omu 0.5. Sentimita 5 za waya huo zina karibu mili-omu 0.025. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni hii: kiungo kizuri hakizidi ukinzani wa waya usiokatwa wenye urefu sawa na kiungo hicho. Kwa ampea 100, kiungo cha namna hiyo hutoa joto la robo wati tu. Tofauti ya kiungo chema na kibovu, basi, ni robo wati kwa wati 10. Na kwa macho viungo vyote viwili huweza kufanana kama watoto pacha.

Hapa wanafunzi wengi huuliza: je, fyuzi haitakatika? Swali hili ni zuri, na mwalimu asilijibu upesi. Awaache wajadiliane. Jibu lake ni kwamba fyuzi huulinda waya dhidi ya mkondo uliozidi kiasi. Kiungo kibovu hakizidishi mkondo. Kwa hakika huupunguza kidogo. Hupata moto wakati mkondo uko katika kiasi chake cha kawaida, nayo fyuzi haioni kosa lolote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa msemo huo ni kweli kabisa.

3. Mambo yatokeayo ndani ya lagi

Wanafunzi wengi huamini kwamba kuminya ni kuufunga waya usichomoke. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuondoa hewa.

Vipande viwili vya shaba vikiwekwa pamoja bila nguvu, havigusani kwa uso wote. Uso wa chuma, hata uliosuguliwa, una milima na mabonde madogo, na vyuma hugusana kwa vilele vichache tu. Mwanafizikia wa Sweden, Ragnar Holm, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza migusano ya umeme, alieleza jambo hili kwa kirefu: mkondo wote hulazimika kupenya katika nukta hizo chache za kukutana, kama umati wa watu unaotoka uwanjani kupitia milango miwili.

Koleo la kuminyia, likitumiwa sawasawa, hufanya mambo matatu kwa wakati mmoja. Kwanza, huvunja utando wa oksidi kwa kuzisugua nyuzi zenyewe kwa zenyewe na kwenye ukuta wa lagi. Pili, huzisukuma nyuzi zijaze nafasi zote, hata zile zilizokuwa mviringo zikawa na pembe, mfano wa masega ya nyuki. Tatu, huiacha lagi ikiwa imekaza, ili nguvu ya kubana iendelee kuwapo hata baada ya koleo kuondolewa. Kiungo kikifanywa hivyo huzuia hewa na unyevu kuingia, nacho huweza kukaa miaka mingi bila kubadilika.

Kutokana na maelezo hayo mwanafunzi ataona mwenyewe kuna hatari mbili zinazoelekeana. Akiminya pungufu, hewa hubaki na kutu ya shaba hupata makao. Akiminya kupita kiasi, nyuzi hukatika au kuta za lagi hupasuka, na kiungo hukosa nguvu. Ndiyo maana kalibu za koleo huandikwa ukubwa. Kalibu ya 35 ni ya lagi ya 35, wala si ya 25 wala ya 50.

4. Dhana potofu zinazopaswa kusahihishwa

Mwalimu hafundishi katika kichwa kitupu. Wanafunzi huja na mambo waliyoyaona gereji na mitaani, na mengine yana sababu zake. Yafaa yazungumzwe kwa heshima, moja baada ya jingine.

(a) "Nyundo inatosha." Kuna kifaa halali cha kuminyia kinachopigwa kwa nyundo, chenye kitako na kipande cha kushindilia kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini kuiweka lagi juu ya chuma na kuipiga ikawa bapa ni jambo jingine. Lagi iliyopigwa bapa hupanuka kando, na mapengo hubaki katika pembe zake mbili.

(b) "Lagi kubwa ni bora kuliko ndogo." Fundi asiye na lagi ya 16 huchukua ya 35, akaukunja waya mara mbili ili ujae. Mwingine, mwenye lagi ndogo, hukata baadhi ya nyuzi ili waya uingie. Wote wawili wameharibu. Lagi huandikwa namba mbili, kwa mfano 35-8: ya kwanza ni ukubwa wa waya kwa milimita za mraba, na ya pili ni bolti ya milimita 8 inayopita katika tundu lake. Wanafunzi wafundishwe kuzisoma namba hizo kama wanavyosoma majina yao.

(c) "Lehemu hukamilisha kila kitu." Lehemu ni kitu chema mahali pake. Lakini katika waya nene ina udhaifu wa namna mbili. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye digrii 183 za Sentigredi, ilhali shaba huyeyuka kwenye digrii 1085. Hivyo kiungo kikipata moto, lehemu ndiyo itakayoachia kwanza. Tena hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu kama fimbo, na pale ugumu unapokoma ndipo waya hukatika ukitikiswa, hasa katika magari na mashine. Waya uliolehemiwa ukabanwa kwa skrubu hulegea polepole, kwa sababu lehemu husinyaa chini ya mgandamizo wa muda mrefu.

(d) "Chuma ni chuma." Alumini na shaba haziunganishwi hivi hivi. Alumini ikikatwa hufanya utando wa oksidi mara moja, utando mgumu usiopitisha umeme. Nayo hupanuka kwa joto kuliko shaba. Penye unyevu, alumini iliyogusana na shaba huliwa. Kwa hiyo hutumika lagi maalumu zenye metali mbili, pamoja na mafuta mazito ya kuzuia oksidi. Nchini Marekani nyumba nyingi zilifungwa nyaya za alumini kati ya takriban mwaka 1965 na 1973. Baadaye tume ya nchi hiyo inayosimamia usalama wa bidhaa iliwaonya wenye nyumba juu ya hatari ya moto. Hatari hiyo ilikuwa hasa katika viungo, kuliko katika urefu wa waya wenyewe. Mojawapo ya njia za kurekebisha iliyokubaliwa ilikuwa kuunganisha kipande cha shaba kwenye kila ncha ya alumini kwa kuminya, kwa mashine maalumu. Mfano huu wafaa kusimuliwa darasani, kwa kuwa huonyesha gharama ya kosa linalorudiwa katika maelfu ya nyumba.

5. Zana za kufundishia

Mwalimu atahitaji vitu vifuatavyo: betri moja ya gari ya volti 12, fyuzi ya ampea 30 pamoja na kishikio chake, balbu nne za taa za mbele za gari, kila moja ya wati 55, waya wa shaba wenye nyuzi nyingi wa milimita za mraba 16, mita kadhaa, lagi za 16 na chache za 35, koleo la kuminyia lenye kalibu zake, mita ya umeme yenye kipimo cha milivolti 200, msumeno wa chuma, jiliwa, tupa na msasa laini, kioo cha kukuzia, na madumu mawili ya maji ya lita 20.

Chuo kisicho na koleo lake chaweza kuomba kuazima kwa fundi au kwa chuo cha ufundi stadi kilicho jirani. Koleo moja latosha darasa zima, maana wanafunzi wengine watakuwa wakikata, wakisafisha na kupima wakati mmoja wao anaminya.

Kabla ya somo, mwalimu atengeneze viungo vitatu kwa siri. Kiungo A kiwe lagi ya 16 iliyominywa kwa kalibu yake. Kiungo B kiwe lagi ya 16 iliyopigwa nyundo bapa. Kiungo C kiwe lagi ya 35 iliyovalishwa waya wa 16 uliokunjwa, ikaminywa kidogo tu. Kisha avifunike vyote kwa utepe au bomba la plastiki linalosinyaa kwa joto, akitia bidii zaidi katika urembo wa B na C. Pengine jambo hili litaonekana kama hila. Lakini ni hila ileile ambayo mwanafunzi atakutana nayo kazini.

6. Andalio la somo: vipindi vitatu

Kipindi cha kwanza: Jicho na taa

Hatua ya 1. Wagawe wanafunzi katika makundi. Kila kundi livitazame viungo vitatu na kuviandika kwa mpangilio wa ubora, pamoja na sababu. Majibu yaandikwe ubaoni, wala mwalimu asiseme lolote.

Hatua ya 2. Unganisha viungo vyote kwa msururu katika njia moja: betri, fyuzi, A, B, C, kisha zile balbu nne zikiwa sambamba. Washa. Taa zitang'aa. Uliza: ni kiungo gani kibovu? Wengi watajibu kwamba vyote ni vizuri, maana taa zinawaka.

Hatua ya 3. Zima, ondoa betri, kisha pima ukinzani wa kila kiungo kwa kipimo cha omu. Mita za kawaida, katika kipimo chake cha chini cha omu 200, haziwezi kuonyesha kitu kidogo kuliko sehemu moja ya kumi ya omu, yaani mili-omu 100. Hata kiungo cha kutisha hakifikii hapo. Mita itasema vyote ni sawa. Wanafunzi waandike jambo hilo pia.

Hatua ya 4. Rudisha betri na uwashe tena. Sasa weka mita katika milivolti 200. Kwanza pima sentimita 10 za waya mzima, kwa kuchoma sindano nyembamba mbili katika plastiki mpaka ziguse shaba. Balbu nne za wati 55 huvuta karibu ampea 18, na sentimita 10 za waya wa 16 zitaonyesha karibu milivolti 2. Hiki ndicho kipimo chetu cha kulinganishia. Kisha kwa kila kiungo pima kutoka sindano iliyo sentimita 5 nyuma ya lagi hadi kwenye bapa lenye tundu, sehemu ambayo urefu wake wote ni karibu sentimita 10.

Kiungo kizuri kitasoma milivolti 2 au pungufu. Kikisomwa milivolti 20, mathalani, basi milivolti 18 ni za kiungo peke yake. Gawanya kwa ampea 18, utapata mili-omu 1. Wanafunzi warudi kwenye hesabu ya ubaoni: kiungo hicho katika njia ya ampea 100 kitatoa wati 10. Kwa kuwa mkondo ni ule ule katika viungo vyote vitatu, hakuna awezaye kusema kwamba tofauti imeletwa na mkondo.

Tahadhari: mita nyingi haziruhusu zaidi ya ampea 10 kupita ndani yake. Mkondo mzima usipimwe kwa mita hiyo. Pima balbu moja moja, kisha jumlisha.

Kipindi cha pili: Mkono

Kila mwanafunzi atengeneze viungo viwili kwa kufuata utaratibu huu:

(i) Soma ukubwa wa waya, wa lagi na wa kalibu. Vyote vitatu vikubaliane.
(ii) Kata ncha iwe mraba. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, endelea kukata mpaka ipatikane inayong'aa.
(iii) Pima kina cha bomba la lagi, na umenye plastiki kwa urefu huo pamoja na milimita 2. Kisu kizunguke plastiki bila kugusa nyuzi. Uzi uliokwaruzwa ni uzi uliokwisha katika.
(iv) Vaa bomba la plastiki kwenye waya kabla ya lagi. Hatua hii husahauliwa na wengi.
(v) Ingiza waya mpaka mwisho. Lagi ikiwa na kijitundu, hakikisha shaba inaonekana humo.
(vi) Minya mpaka koleo lifunge kabisa. Ikiwa lagi hutaka kuminywa mara mbili, kwa kawaida huanzwa upande wa bapa na kurudi upande wa waya, ili shaba ipate mahali pa kukimbilia.
(vii) Vuta kwa mkono, tazama, ndipo ufunike.

Mwanafunzi akifika kwenye bolti, akumbushwe kwamba bapa la lagi hukaa moja kwa moja juu ya shaba au risasi ya kituo cha betri. Washa hukaa juu ya lagi, chini ya nati. Washa ya chuma kisichoshika kutu ina ukinzani wa karibu mara arobaini ya shaba. Ikiwekwa katikati ya lagi na kituo, kazi yote ya kuminya imepotea bure.

Kipindi cha tatu: Mzigo na msumeno

Kiungo cha kwanza cha kila mwanafunzi kitundikwe madumu mawili yaliyojaa, yaani uzito wa karibu kilo 40, kwa muda wa dakika moja. Kiungo chema cha waya wa 16 hubeba zaidi ya hapo bila shida. Madumu yawe kiganja kimoja tu juu ya ardhi, na pasiwe na mguu wa mtu chini yake.

Kiungo cha pili kibanwe kwenye jiliwa na kukatwa kwa msumeno katikati ya mahali palipominywa. Msumeno hupaka shaba juu ya mapengo na kuyaficha, kwa hiyo uso ulainishwe kwanza kwa tupa na baadaye kwa msasa laini. Ndipo mwanafunzi atazame kwa kioo cha kukuzia. Akiona shaba imeshikamana na mipaka ya nyuzi haionekani ila kwa shida, amefaulu. Akiona vijitundu vyeusi, ameiona hewa kwa macho yake. Mwishoni, mwalimu avikate A, B na C mbele ya darasa zima, na wanafunzi walinganishe na mpangilio walioandika ubaoni katika kipindi cha kwanza.

Wako walimu wanaosikitika kukata kazi nzuri na kupoteza lagi. Hasara hiyo ni ya kweli, hasa pale fedha za vifaa zinapokuwa chache. Lakini lagi moja iliyokatwa huwafundisha wanafunzi thelathini, na shaba yake yaweza kuuzwa chakavu. Lagi ishirini zisizokatwa, zikatundikwa ukutani kuwa maonyesho, hazimfundishi mtu kitu ila urembo.

7. Usalama

Volti 12 hazimpigi mtu shoti ya kawaida, na kwa sababu hiyo wanafunzi huzidharau. Waelezwe wazi kwamba spana iliyoangukia vituo viwili vya betri hupitisha mamia ya ampea, huwa nyekundu kwa moto na huweza kulipua gesi ya haidrojeni inayotoka katika betri inapochajiwa. Kwa hiyo:

- pete, saa na bangili zivuliwe;
- fyuzi iwe karibu na betri kadiri iwezekanavyo;
- katika gari ambalo hasi imefungwa kwenye bodi, hasi ifunguliwe kwanza na kufungwa mwisho;
- kazi ifanyike mahali penye hewa, mbali na moto;
- miwani ya kukinga macho ivaliwe, na maji ya kuoshea yawepo karibu kwa ajili ya tindikali;
- balbu zisishikwe baada ya kuwaka, maana huwa za moto sana.

Njia kuu ya umeme wa nyumbani, ya volti 230, isitumiwe kabisa katika jaribio hili.

8. Tathmini

Mwandishi anapendekeza alama 20 zigawanywe hivi: muonekano na unadhifu, alama 3, uteuzi wa lagi na kalibu, alama 3, kipimo cha milivolti, alama 6, sura ya ndani baada ya kukatwa, alama 5, na maelezo ya mwanafunzi mwenyewe juu ya kile alichokiona, alama 3.

Sehemu ya mwisho isidharauliwe. Mwanafunzi ambaye kiungo chake ni kibovu, lakini ameweza kueleza ubovu huo umetoka wapi, yuko mbele ya yule aliyebahatisha kiungo kizuri asijue kwa nini. Kadhalika, unadhifu hauondolewi katika alama. Unarudishwa tu mahali pake. Fundi mchafu ni nadra kuwa fundi mwangalifu, ila fundi nadhifu si lazima awe fundi sahihi.

9. Hitimisho

Katika maandishi yake ya Machi 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba shule na kazi zisitenganishwe. Mara nyingi tumeielewa rai hiyo kwa maana ya kumpa mwanafunzi jembe au nyundo. Lakini kazi huwa elimu pale tu mtendaji anapoweza kuihukumu kazi yake mwenyewe bila kungoja mwalimu apite mezani. Huko aendako hakuna mwalimu atakayepita.

Njia iliyoelezwa hapa yaweza kutumika katika masomo mengine ambayo ubora wake umefichika: uchomeleaji wa vyuma, uunganishaji wa mabomba, hata uchanganyaji wa zege. Katika yote hayo utaratibu ni mmoja: mwanafunzi aamue kwa jicho, apime, apasue, kisha alinganishe uamuzi wake wa kwanza na ukweli alioukuta. Pale viwili hivyo vinapopishana, ndipo mahali pa kufundishia.

10. Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini taa iliyowaka si ushahidi wa kutosha kwamba kiungo cha waya nene ni kizuri?
2. Kiungo kimesoma milivolti 11 kwa mkondo wa ampea 18, na sentimita 10 za waya mzima zimesoma milivolti 2. Tafuta ukinzani wa ziada wa kiungo, kisha joto lake katika njia ya ampea 80.
3. Eleza kwa maneno yako kwa nini fyuzi haiwezi kumlinda mtu dhidi ya kiungo kibovu.
4. Karakana yako ina lagi kumi tu kwa wanafunzi ishirini. Panga vipindi vitatu vya somo hili ili kila mmoja aminye, apime na aone kiungo kilichokatwa.
5. Chagua kazi nyingine ya mikono ambayo ubora wake haujulikani kwa macho. Andaa somo moja litakalouonyesha.